Kutoka Ikulu Hadi Carlyle

David Rubenstein hakuwa hata na miaka 30 alipoingia Ikulu ya Marekani kumshauri Rais Jimmy Carter kuhusu sera za ndani. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaanzisha Carlyle Group jijini Washington: huchukua fedha za mifuko ya pensheni na matajiri, hununua makampuni, kisha huyauza kwa faida. Mwaka 1989 akajiunga nao Frank Carlucci, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kuongoza Wizara ya Ulinzi. Mwaka 1997 Carlyle ikainunua United Defense, watengenezaji wa magari ya deraya ya Bradley. Mteja mkuu? Jeshi la Marekani.

Hatudai kuna sheria iliyovunjwa. Na Rubenstein, tuseme haki yake, alitoa dola milioni 7.5 kukarabati Mnara wa Washington uliopasuka kwa tetemeko la 2011.

Lakini anayejua jinsi wizara inavyonunua silaha amejifunzia hayo kwenye mshahara wa walipa kodi. Waziri anayestaafu akae miaka mitano kabla ya kugusa biashara inayouziana na wizara aliyoiongoza.