Anayerudi barazani asidai kiti

Mtumishi wa serikali katika nchi hii hustaafu kwa lazima akiwa na umri wa miaka 60, au kwa hiari kuanzia miaka 55. Siku hiyo inapokaribia mengi hujadiliwa: kiinua mgongo, nyumba iliyokwisha na isiyokwisha, shamba, mifugo, ada za watoto wa mwisho. Lakini liko jambo moja ambalo ni nadra kulisikia likitajwa, nalo ni jinsi mtu huyo atakavyorudi miongoni mwa wenzake aliowaacha miaka 30 au zaidi iliyopita. Sisemi jamaa wa damu, maana hao hupokeana kwa namna yoyote. Nasema wale aliounganishwa nao na mapenzi ya jambo moja tu: wenzake wa ngoma, wenzake wa ushairi, na hasa, katika miji na vijiji vya pwani, wenzake wa bao.

Nimelichagua bao kwa makusudi. Ngoma ina msimu wake, na mshairi aliyehamishwa aweza kuendelea kutunga akiwa peke yake. Bao halichezwi na mtu mmoja. Lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete 32, na lahitaji mtu wa upande wa pili anayejua vizuri kama wewe au zaidi yako. Mwalimu mzaliwa wa Tanga akipangiwa shule ya Rukwa, aweza kuchukua ubao wake na mfuko wa komwe, lakini hawezi kulichukua baraza. Akikosa wa kucheza naye, ubao huishia juu ya kabati. Miaka hupita, cheo hupanda, na siku moja barua ya kustaafu huwasili.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upuuzi, kwamba bao ni mchezo wa wazee wasio na kazi, na kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Kasumba hiyo ni ya siku nyingi, na yafaa ijibiwe. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeng'atuka urais mwaka 1985, alikuwa mpenzi wa bao, na hakuna aliyepata kumwita mtu asiye na kazi. Mholanzi Alex de Voogt alisafiri mpaka Zanzibar kuwachunguza mafundi wa bao, akaandika juu ya umahiri wao kitabu kizima kilichotoka mwaka 1995, kwa sababu aliona pale jambo la akili linalostahili kusomwa chuo kikuu. Ikiwa mgeni aliona hivyo, si vizuri sisi wenyewe tuone haya.

Sasa tutazame jinsi marejeo yenyewe yanavyokuwa. Mstaafu huwasili barazani jioni, baada ya alasiri. Wote huinuka. Yule ni mkurugenzi, au alikuwa; yule alikuwa mkuu wa shule aliyewafundisha watoto wa watu. Hupewa kiti, na kwa heshima aliyekuwa akicheza humwambia, "Karibu mzee, shika wewe." Naye hushika. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa maana heshima ya kumpa mtu mzima mahali pa kukaa ni jambo moja, na zamu ya kucheza ni jambo jingine. Katika baraza nyingi zamu hupatikana kwa kushinda: mshindi hubaki, aliyeshindwa humpisha anayefuata. Kijana wa ufundi wa cherehani aliyekuwa akingoja tangu adhuhuri ameruka zamu yake kwa ajili ya cheo ambacho hata serikali imekwisha kukifunga.

Halafu mchezo huanza. Mstaafu hufungwa mkononi, yaani kabla ya kete alizoshika hazijakwisha, na hilo ndilo fungo linalouma kuliko yote. Watazamaji hujizuia kucheka, na kujizuia kwao huonekana. Au, jambo baya zaidi, mwenzake humwachia. Mtu aliyewahi kuwa fundi hutambua mara moja kwamba ameachiwa. Kesho yake haonekani, wala kesho kutwa. Husema miguu inauma. Hukaa ndani akitazama televisheni, na barazani husemwa kwamba mzee fulani anaringa. Pande zote mbili zimepoteza, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Ni nini hasa kinachopotea mtu akikaa mbali na bao? Si sheria. Sheria hubaki kichwani kama jedwali la kuzidisha. Ataweka kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, atashika 22 mkononi, na kunamua ataanza bila kuulizwa. Labda atababaika katika kutakasia, ambako huwababaisha hata wazoefu. Kinachopotea ni jicho. Mtaji mmoja waweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kulala, ukila hapa, ukianzia kichwani upya, ukila tena, na fundi huuona mwisho wake kabla mkono wake haujagusa kete. Aliyekaa mbali huona mizunguko ya kwanza tu. Baada ya hapo hulazimika kubahatisha, au huanza kuhesabu kwa kidole shimo baada ya shimo, na watazamaji wakaanza kukohoa.

Na hakuna mahali jicho hilo linapopimwa kama kwenye nyumba. Anayeujua mchezo huu anafahamu kwamba nyumba ikiwa bado na kete zake, mwenyewe anayefika hapo kwa kula ana hiari: aweza kuilaza, aweza kusafiri nayo. Uamuzi huo huja ghafla na hauna kanuni ya kuandikwa kitabuni. Nimewatazama wastaafu wengi wakirudi kwenye bao, na karibu wote hukosea upande mmoja. Huilinda nyumba kupita kiasi. Huirundikia kete mpaka inakuwa nzito, wakidhani ni akiba, na mpinzani huwatengenezea njia polepole mpaka siku aichote yote kwa mara moja. Pengine ni mazoea ya ofisini, ambako jambo lisiloamuliwa leo laweza kuandikiwa dokezo na kungoja wiki ijayo. Kijana wa barazani husafiri mapema, hukosa mara tatu, na ya nne humaliza mchezo.

Tena baraza lenyewe halikusimama kungoja. Waliobaki wamecheza wao kwa wao kila jioni kwa miaka; wanajuana mikono. Wamezua mianzo mipya na kuipa majina, mengine ya utani juu ya watu ambao mrejeaji hakuwajua. Kicheko kikipasuka, yeye hajui kimetoka wapi. Na wengine hawapo. Atamwulizia mshindani wake mkubwa wa zamani, ataambiwa kwamba alifariki mwaka fulani, na kwamba bao lake anatumia mjukuu.

Kwa hiyo nasema kwamba kazi ya kwanza ya anayerudi si kucheza. Ni kuzunguka nyumba za waliotangulia mbele ya haki na kutoa mkono wa pole, hata kama msiba una miaka 12. Barua ya rambirambi aliyoipeleka wakati ule kutoka kituo chake cha kazi ilikuwa wajibu, lakini haitoshi. Mjane ataeleza jinsi mumewe alivyokuwa akimtaja. Mtoto atalitoa bao la marehemu kutoka uvunguni. Habari hizo zitamtangulia barazani kabla yeye hajafika, na zitamfungulia zaidi kuliko cheo chochote.

Kazi ya pili ni kutazama. Mtazamaji katika bao si mtu wa ziada. Yeye ndiye shahidi wa mchezo. Hukumbuka nani aliilaza nyumba wakati gani, huamua ugomvi, hutia chumvi maneno, na kwa kutazama hujifunza. Kila fundi alianza hivyo, akiwa mtoto aliyetumwa kahawa akachelewa kurudi nyumbani. Mstaafu akikaa mwezi mmoja upande wa watazamaji, akanunua kahawa zamu yake ikifika, akaomba zamu kama wengine na kungoja kama wengine, jicho litaanza kurudi. Litarudi polepole, na huenda lisirudi lote. Lakini siku atakayoshinda, atashinda kweli, na siku atakayofungwa watamcheka waziwazi, jambo ambalo ni ishara kwamba amekwisha kuwa mwenzao.

Siku hizi bao limeingia hata katika simu, na mtu aliye mbali aweza kushindana na mashine usiku kucha. Sina ugomvi na hilo. Aliyeko Sumbawanga au Kibondo na hana mwenzake ni heri afanye hivyo kuliko kuuacha mkono ukakauka. Ila mashine haina watazamaji, wala haijui kwamba ulikuwa umeondoka.

Upande wa wenyeji nao una wajibu wake. Utani ni sehemu ya bao na asiyeuweza akae nyumbani, lakini utani wa kumkumbusha mtu kila jioni kwamba alikwenda zake na kuwasahau wenzake si utani tena, ni kumfukuza. Watumishi hawakwenda kutembea. Walipelekwa, kwa uhamisho ambao mara nyingi hawakuuomba, wakafundisha watoto wa wengine kusoma na wakapima mashamba ya wengine. Na anaporudi na sheria aliyojifunza kwa wachezaji wa mahali pengine, asiambiwe tu kwamba amekosea. Malawi wanacheza bawo lao, Mombasa na Lamu wana desturi zao, na fundi wa kweli hupenda kuona jinsi wengine wanavyocheza kabla ya kusema wamepotea.

Lakini si wote wenye mahali pa kurudi, na jambo hili lisifichwe. Mwalimu mwanamke aliyestaafu, aliyejifunza bao utotoni kwa mashimo aliyochimba mchangani pamoja na kaka zake, harudi barazani kwa sababu hakuwahi kukaribishwa huko. Walipobalehe, kaka walikwenda kwenye ubao na yeye akaambiwa akasaidie jikoni. Miaka 40 ya kufundisha hesabu baadaye, huenda anaona mwisho wa mtaji kuliko wanaume wote walioketi pale. Wazee wa baraza wanaolalamika kwamba mafundi wanakwisha wangejiuliza ni mafundi wangapi waliwazuia wenyewe.

Na mafundi kweli wanakwisha. Barazani siku hizi utaona vichwa vyeupe vingi na vijana wachache. Hapa ndipo anayerudi ana faida ambayo wenyeji hawana, hasa akiwa mwalimu. Fundi aliyebaki barazani anajua bao kwa mkono, ukimwuliza kwa nini amesafiri na nyumba, atakwambia, "Niliona." Mwalimu aliyelazimika kujifunza upya akiwa na miaka 60 anajua hatua kwa hatua kipi kilimpotea na jinsi kilivyorudi, na ameshika chaki maisha yake yote. Huyo aweza kumweleza mtoto. Aanze na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, lisilo na namu wala nyumba, ambalo mtoto wa darasa la tatu hulielewa kwa siku moja; kisha, mtoto akishajua kula na kulala, amwingize katika bao la Kiswahili lenyewe.

Jambo hili halihitaji bajeti. Shule ikikosa ubao, mashimo 32 huchimbwa chini ya mwembe kwa dakika 10, na kete ni mbegu yoyote iliyo ngumu. Kinachohitajika ni mwalimu mkuu mmoja kukubali kwamba saa moja ya Ijumaa mchana, baada ya vipindi, mstaafu wa mtaa huo aingie shuleni bila kuulizwa ana barua kutoka wapi. Watoto wanaojifunza pale wapelekwe baadaye barazani, wasimame nyuma ya watazamaji.

Ila baraza lenyewe liwepo. Katika miji yetu mti wenye kivuli ukiwa kando ya barabara huonekana kuwa ni kiwanja kinachongoja kibanda, na wacheza bao huhamishwa kwa kuwa hawana leseni, hawalipi ushuru, wala hawana mwenyekiti wa kuandikiwa. Maofisa mipango miji wanaosoma ukurasa huu wanajua jinsi ya kuchora eneo la wazi katika ramani, na wanajua pia jinsi eneo hilo linavyobadilishwa matumizi baada ya miaka mitano. Wengi wao watastaafu. Mwembe walioutia alama ya kukatwa huenda ndio watakaoutafuta.