Motokaa zilizohukumiwa kufa

Baba mmoja wa jamaa alitujia hivi karibuni akishika karatasi mkononi. Alikuwa amenunua motokaa kwa fedha aliyoiweka akiba miaka sita, akikusudia kuifanya taksi apate kulipa karo ya watoto wake. Motokaa yenyewe yang'aa kama sahani mpya. Lakini kati ya karatasi alizopewa na mwuzaji ilikuwamo nakala ya cheti kutoka Marekani, na juu yake limepigwa chapa neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: SALVAGE. «Ndugu zangu,» akatuuliza, «neno hili maana yake nini?» Swali lake ni la haki, na jibu lake ni refu kidogo.

Huko Marekani mwenye motokaa hulipa bima, na ajali ikitokea shirika la bima humtuma mjuzi kupima hasara. Mjuzi huyo haulizi kama motokaa yaweza kutengenezwa, maana fundi hodari aweza kutengeneza karibu kila kitu. Yeye hupiga hesabu tu. Tuseme motokaa ilikuwa na thamani ya dola 10,000 kabla ya ajali. Kuitengeneza kwataka dola 7,000. Mabaki yake, yakiuzwa vivyo hivyo yalivyo, yatapata dola 4,000. Shirika likiitengeneza litatoa 7,000. Likimlipa mwenyewe 10,000 zake, kisha likauza mabaki kwa 4,000, litakuwa limetoa 6,000 tu. Basi motokaa imekufa, hata kama injini yake yanguruma vizuri. Imeuawa na kalamu kuliko ilivyouawa na ajali.

Tena sheria si moja. Katika jimbo la Texas gharama ya kutengeneza sharti ipite thamani yote ya motokaa. New York yatosha 75 kwa 100. Oklahoma 60 kwa 100. Oklahoma na Texas ni majirani, mto ndio mpaka wao kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo motokaa yaweza kuhesabiwa maiti ng'ambo hii na kuhesabiwa mgonjwa tu ng'ambo ile! Tulicheka tulipolisoma jambo hili, lakini baadaye tuliona kwamba halichekeshi sana.

Zaidi ya hayo, motokaa za siku hizi hufa upesi kuliko za zamani. Bampa huwa na kamera na vyombo vya kupima umbali wa kitu kilicho mbele. Mifuko ya hewa ikifumuka, kila mmoja wataka kununuliwa upya. Na motokaa za umeme, betri yake ikigongwa hata kidogo, mara nyingi hakuna anayethubutu kuidhamini. Nyingi za betri hizo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka kwetu Kongo, huko Kolwezi na kandokando yake.

Baada ya hukumu, mabaki hupelekwa mnadani. Shirika kubwa la minada hiyo ni Copart, lililoanzishwa mwaka 1982 huko Vallejo, California. Zamani wanunuzi walisimama kiwanjani wakipaza sauti. Tangu 2003 shirika hilo lilihamishia mnada wake kwenye intaneti, hata mtu aliye mbali na Marekani aweza kununua mabaki ambayo hakuyagusa kwa mkono wake. Mengine hununuliwa na wabomoaji: milango, taa, injini, na kile chombo cha moshi chenye platini, paladi na rodi ndani yake, vyote huuzwa kimojakimoja. Kinachobaki hutupwa katika mashine ya kusagia, nayo hukirarua kwa dakika chache tu. Sumaku huchagua chuma, nacho huyeyushwa kiwe chuma kipya. Motokaa iliyofika mashineni haimdhuru mtu tena.

Zinazodhuru ni zile zinazofufuka gizani. Tusieleweke vibaya. Kufufua motokaa si kosa, na jamaa nyingi zisizo na fedha hupata chombo chema kwa njia hiyo. Huko Marekani fundi akiitengeneza sawasawa, nayo ikakaguliwa, hupewa cheti kingine chenye kutangaza kwamba imejengwa upya. Kosa ni kuficha kwamba ilikufa. Baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005, maelfu kwa maelfu ya motokaa zilizama majini Louisiana na Mississippi, na wadanganyifu walizikausha, wakazipeleka majimbo mengine kupata vyeti visivyo na doa. Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kuagiza mwaka 1992 kwamba kuwe na daftari moja la nchi nzima la kuandika habari hizo. Daftari hilo lilifunguliwa kwa wanunuzi mwaka 2009, miaka 17 baadaye.

Motokaa ikivuka bahari, cheti husahaulika. Huko Rustavi, katika nchi ya Georgia, kuna soko kubwa la motokaa zilizotoka minada ya Marekani. Nyingine hufika Sharjah na Dubai, zikanyooshwa, zikapakwa rangi, zikapakiwa tena kuja Afrika. Wako watengenezaji ambao, kwa kuwa mfuko wa hewa ni ghali, hufunika tundu lake kwa kifuniko kipya na kunyamaza. Wengine huweka mfuko uliotolewa katika mabaki mengine, na hilo laweza kuwa baya zaidi: mamilioni ya mifuko ya kampuni Takata ya Japani iliitwa irudishwe, tangu mwaka 2008, kwa sababu chombo chake cha kuijaza hewa hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva.

Basi tulitoka nje pamoja na yule baba. Chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, tulisoma namba ya motokaa, yenye herufi na tarakimu 17. Kijana wetu mmoja aliiandika katika simu yake, na mara zikatokea picha za mnada: motokaa ileile, pua yake imekunjwa hadi kwenye kioo, mifuko miwili myeupe ikining'inia ndani. Baba huyo alizitazama kwa muda mrefu bila neno. Kisha tukamwomba azungushe ufunguo. Taa ndogo ya mfuko wa hewa, ambayo yapasa kuwaka kwa sekunde chache na kuzimika, haikuwaka kabisa. Fundi akafungua kifuniko katikati ya usukani, akatia mkono, akatoa kitambaa kilichokunjwa.

Motokaa sasa imesimama uani kwake. Mwuzaji ameonyeshwa picha na kitambaa, naye ameomba apewe muda hadi mwisho wa mwezi. Karo ya watoto yatakiwa tarehe kumi na tano.