Kudondosha Mpira Katika Padeli

Wenzetu wengi wachezao padeli hapa Kampala hupenda kuudondosha mpira karibu na wavu ili washangiliwe. Mimi siafiki. Mji wetu uko kama meta 1,200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira hudunda juu kuliko kule Mombasa, hata mpinzani hupata nafasi ya kuufikia. Ngoja kwanza mpaka wote wawili wamesukumwa nyuma kwenye kioo, nawe u karibu na wavu. Hapo uguse mpira polepole, uangukie kando, karibu na waya. Lakini uliye nyuma, heri uwarushie mpira mrefu juu ya vichwa vyao, hata watazamaji wakinuna.