Bendi Iliyochelewa Kupumzika

Septemba 2003, The Cranberries walisimamisha kazi. Matayarisho ya albamu ya sita yalikuwa yameshaanza, yakawekwa kando, na kila mmoja akashika njia yake. Hawakutangaza kuvunjika. Walisema wanapumzika, na wengi katika biashara ya muziki wakaichukulia kauli hiyo kuwa ni namna ya kistaarabu ya kusema bendi imekufa.

Toleo hili linahusu bendi zilizonyamaza, na tunaanza na wanne hawa wa Limerick, Ireland, kwa sababu habari zao husimuliwa kama mlima: walipanda, wakafika kileleni 1994, wakateremka, wakachoka, wakaacha. Hoja yetu ni nyingine. Mapumziko ya 2003 yalipaswa kuja miaka saba kabla, na gharama ya kuchelewa huko ilimwangukia zaidi mtu mmoja.

Hata kupanda kwenyewe hakukuwa rahisi. Ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa besi, waliunda bendi mwaka 1989 pamoja na Fergal Lawler wa dramu. Mwimbaji wao wa kwanza, Niall Quinn, aliondoka mwaka uliofuata. Nafasi yake ikachukuliwa na Dolores O'Riordan, binti wa Ballybricken, kijiji cha nje ya mji, aliyekulia kwenye kwaya na kinanda cha kanisa. Alifika kwenye majaribio na kinanda chake mwenyewe, akaimba, wakampa kanda yenye muziki usio na maneno. Siku chache baadaye alirudi na maneno ya “Linger”, habari za msichana aliyeachwa kwenye mataa na kijana aliyempenda. Jukwaani alikuwa na haya kiasi kwamba katika shoo za mwanzo aliimba akiwa ameipa hadhira mgongo.

Rekodi yao fupi ya 1991, “Uncertain”, ilipondwa. Wakaachana na meneja wa kwanza, wakaingia mikononi mwa Geoff Travis wa Rough Trade, na studio wakamkabidhi Stephen Street, prodyuza aliyekwisha kufanya kazi na The Smiths. Albamu ya kwanza ikatoka Machi 1993, na Uingereza haikushtuka. Kumbe riziki ilikuwa Marekani. Huko walikwenda kufungua shoo za bendi ya Suede. MTV ikaidaka “Linger” na kuirusha asubuhi na jioni, hadi ikawa watu wananunua tiketi kwa ajili ya watangulizi badala ya wenye shoo. Wimbo ulifika nambari 8 kwenye chati ya Billboard. Waingereza wakageuka kukitazama tena walichokipuuza, na katikati ya 1994 albamu ile ile ikakaa kileleni kwao, zaidi ya mwaka mmoja tangu itoke.

Kisha ikaja “Zombie”.

Machi 20, 1993, mabomu mawili ya IRA, kundi lenye silaha la Ireland, yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka yalilipuka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Mtoto wa miaka mitatu alikufa palepale. Mwingine, wa miaka 12, alikufa hospitalini siku chache baadaye. Kwa uchungu wa vifo hivyo O'Riordan aliutunga “Zombie” peke yake na akataka magitaa yangurume kuliko yalivyowahi kunguruma katika bendi hiyo. Ukashika nambari moja Ujerumani, Ufaransa na Australia. Wapo waliosema binti wa Limerick hajui undani wa mgogoro wa Ireland ya Kaskazini, na lawama hizo hazijaisha: mashabiki wa raga wa Ireland walipouimba kwa maelfu jijini Paris kwenye Kombe la Dunia la 2023, mjadala uliwaka upya. Kwa maoni yetu, wakosoaji wanaudai wimbo uchambuzi ambao haukuahidi kuutoa. Ni kilio cha mzazi, na wazazi wa Warrington walikuwa na haki ya kuliliwa hata na asiyejua mipaka ya kila chama.

Albamu ya pili ilitoka Oktoba 1994, ya tatu Aprili 1996. Albamu tatu katika miaka mitatu na ushei, na katikati yake safari zisizokwisha za ndege, hoteli na majukwaa. Ziara ya 1996 ilikatishwa, mwimbaji akiwa amekonda na usingizi umempotea. Hapo ndipo mahali pa kusimama palipokuwa. Walipumua kidogo tu, O'Riordan akapata mtoto wake wa kwanza, na 1999 mzunguko ukaanza upya: albamu, ziara, na 2001 albamu nyingine.

Miaka sita ya ukimya haikuwa mitupu. Noel Hogan alitoa albamu ya mradi wake wa Mono Band mwaka 2005. O'Riordan akatoa mbili za kwake, 2007 na 2009. Januari 2009 walikutana tena jukwaani katika Chuo cha Trinity, Dublin, kwenye hafla ya kumtunuku O'Riordan, na kabla mwaka haujaisha wakawa barabarani. Albamu yao “Roses” ya 2012, tena chini ya Stephen Street, ina utulivu ambao albamu ya 1996 haikuwa nao hata kidogo. Sisi tunaiweka juu ya ile kwa mbali, ingawa wahakiki wengi waliipokea kwa ubaridi.

O'Riordan alifariki London Januari 15, 2018, akiwa na miaka 46. Waliobaki waliimalizia albamu ya “In the End” kwa sauti aliyokuwa ameshairekodi, ikatoka 2019 na kuteuliwa kuwania Grammy. Hawakutafuta mwimbaji mwingine.

Wapo watakaotujibu kwamba mapumziko ndiyo yaliyowaua kibiashara, maana waliporudi soko lilikuwa limehama. Watueleze basi kwa nini albamu ya 1999 iliuzwa pungufu ya zile za mwanzo, na ya 2001 pungufu zaidi, wakati bendi ingali kazini. Na watueleze ilikuwaje Aprili 2020 video ya “Zombie” ikapita mara bilioni moja za kutazamwa YouTube, jambo ambalo hakuna bendi ya Ireland iliyokuwa imewahi kulifikia.