OILI YA PIKIPIKI SI OILI TU



Yako maneno mawili yasemwayo sana na wenye pikipiki huku kwetu. La kwanza, "Oili ni oili." La pili, "Oili nzito ndiyo bora." Mimi sikubaliani na lolote kati ya hayo, na yafaa nieleze sababu zangu, maana wengi wetu shuleni hapa nauli na madaftari yetu hutoka katika fedha za bodaboda.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Katika magari mengi gia zina oili yake mbali na ile ya injini. Lakini katika pikipiki nyingi za bodaboda oili moja, yapata lita moja tu, huhudumia pistoni, gia na klachi pamoja. Sahani za klachi huzama ndani ya oili hiyo, na kazi yake ni kushikana. Sasa, baadhi ya oili za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli. Dawa hiyo ikifika kwenye klachi, sahani huteleza. Injini hupiga kelele mlimani lakini pikipiki haivuti. Mwenyewe hununua sahani mpya, na lawama huiangukia pikipiki.

Kwa sababu hiyo Wajapani waliweka kipimo chao mwaka 1998. Chupa yenye alama ya JASO MA, MA1 au MA2 yafaa kwa klachi iliyozama katika oili. JASO MB ni ya vyombo kama skuta nyingi, ambazo klachi yake haimo katika oili.

Ama kuhusu uzito, chupa huandikwa 10W-30, 20W-50 na kadhalika. Herufi W yatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu ya kwanza huonyesha jinsi oili itiririkavyo injini ikiwa baridi: ikiwa ndogo, hutiririka upesi zaidi. Ya pili huonyesha uzito wake katika joto la digrii 100. Basi oili nzito kupita kiasi huchelewa kupanda juu ya injini asubuhi ya baridi, kama zile za Njombe mwezi wa Julai. Na nyepesi kupita kiasi huacha utando mwembamba mno injini ikichemka. Hapana iliyo bora kwa wote. Iliyo bora ni ile iliyotajwa katika kitabu cha pikipiki hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba oili ya namna hiyo ni ghali, na dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Ni kweli. Lakini pikipiki iliyolala kwa fundi siku tatu haileti hesabu, na kwa aliyeichukua kwa mkataba, deni halilali. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shauri langu ni hili. Sisi tuliosoma msuguano darasani, tukienda likizo tuwasomee baba na kaka zetu maandishi ya chupa, kwa adabu, kabla oili haijamiminwa. Na walimu wetu wakipata injini kuukuu, tunaomba waifungue mbele yetu, tuione hiyo klachi kwa macho.

Mwanafunzi,
Kidato cha IV