Masisi na Walikale: gari ikizima mlimani, tupime presha ya mafuta mbele ya kununua pompi

Gari inatoka Goma ikiwa imejaa watu na mizigo. Mpaka Sake inatembea vizuri. Ikianza kupanda kuelekea Mushaki inakohoa, inapoteza nguvu, kiisha inazima katikati ya kona. Kila chofere wa barabara ya Masisi anajua hii mambo. Fundi anafika, anasikiliza mota kidogo, anasema: «Pompi imekufa.» Mwenye gari anatafuta dola, pompi inabadilishwa. Wiki inayofuata gari inazima tena, palepale.

Siku hizi kosa kama hilo linauma kuliko zamani. Mwaka 2025 Masisi-kati iliingia mikononi mwa M23 tarehe 4 Januari, Sake na Goma zikafuata mwezi uleule. Walikale-kati ilichukuliwa tarehe 19 Machi, mbele ya waasi kuondoka humo mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifunga milango mwisho wa Januari 2025. Anayetafuta kipande cha gari anapashwa kuwa na pesa mkononi, na pesa hiyo akiipoteza kwa kipande ambacho hakikuwa na shida, kuirudisha si rahisi. Na mama mjamzito aliyelala ndani ya gari hiyo haulizi habari ya pompi. Anauliza tu watafika saa ngapi.

Mafuta yanatembea mbali

Congo inachimba mafuta ghafi kule Muanda, karibu na bahari ya Atlantiki. Lakini esansi na mazuti tunayotumia huku Mashariki inatoka ngambo, inapitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Inafika na malori ya tanki, kiisha inaendelea ndani ya vijiji katika mapipa na bidoni. Kwa Walikale kuko pia barabara ya Kisangani kupitia Lubutu, nayo ni ndefu, na mvua ikinyesha ni matope.

Kila mara mafuta yanapomiminwa kutoka chombo kimoja kuingia kingine, yanaokota kitu: maji ya mvua, kutu ya pipa, mchanga. Wale tunaowaita kadafi, wanaouza esansi katika chupa kando ya barabara, tusiwalaumu bure. Fasi hakuna kituo cha mafuta, wao ndio wanasaidia watu kutembea. Wanauza kile walichopokea. Ila uchafu huo unaishia ndani ya filtri, na filtri ikijaa, mafuta hayapiti vizuri.

Ndiyo maana gari inazima mlimani. Kwenye tambarare mota inaomba mafuta kidogo, hata filtri iliyojaa nusu inatosha. Ikipanda na mizigo inaomba mengi, na presha inaanguka. Alama ni zilezile kama za pompi iliyochoka. Sikio la fundi peke yake haliwezi kutenganisha hizo mbili.

Manometri inasema nini

Gari nyingi za esansi zenye enjeksio zinahitaji presha ya karibu 3 bari. Kitabu cha gari ndicho kinatoa hesabu kamili. Gari za zamani zenye kabureta zinahitaji kidogo sana, haifiki hata nusu bari.

Kazi yenyewe haichukui hata lisaa. Kwanza fundi anaondoa fyuzi ya pompi, anaacha mota izunguke mpaka izime yenyewe, ili presha iliyo ndani ya mipira ishuke. Anafunga manometri mbele ya enjektere, anarudisha fyuzi, anafungua kontakti bila kuwasha. Anasoma. Anawasha, anasoma tena, anakanyaga gazi na kuangalia kama sindano inashuka. Mwisho anazima na kungoja dakika chache. Sigara iwe mbali, na kitambaa kiwe tayari, maana esansi inayodondoka juu ya mota ya moto inaweza kuunguza gari na watu.

Presha ikiwa chini, tunabadilisha filtri kwanza na kusafisha tanki, kiisha tunapima tena. Ikibaki chini, hapo ndipo tunaangalia umeme unaofika kwenye pompi, na pompi yenyewe. Ikiwa nzuri lakini inaanguka haraka mota ikizimwa, kuko fasi inavuja: klape ya pompi, regulatori ao enjektere. Ikipanda kupita kiasi, regulatori ao mpira wa kurudisha mafuta ndani ya tanki umeziba.

Lakini kipimo hiki hakisemi yote. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kutoa presha nzuri kabisa, na mota bado inasumbua. Kwa maji, chukua chupa nyeupe, mimina esansi, iache itulie: maji ni mazito, yanakaa chini, yanaonekana. Pikipiki nyingi za huku hazina hata pompi, mafuta yanashuka yenyewe toka tanki. Motari aangalie robine na filtri. Na gari za mazuti za kisasa zinafanya kazi na presha inayopita 1.000 bari: mtu asifungue mipira yake mota ikizunguka, mafuta yanaweza kutoboa ngozi.

Nani anabeba hasara

Fundi asiye na chombo anabadilisha vipande akibahatisha, na mwenye gari ndiye analipa kila jaribio. Kiisha mwenye gari anapandisha bei ya safari, na mkulima wa Masisi anayeshusha maharagi na viazi anaipokea. Hivyo filtri moja chafu inaishia kwenye sahani ya mtu wa Goma.

Manometri moja haitumiki kila siku, kwa hiyo si lazima kila garaji inunue ya kwake. Shirika la machofere, ao mafundi wa senta moja, wanaweza kuchanga na kuitumia kwa zamu. Haitafungua barabara wala kuleta amani. Lakini gari ya wagonjwa ikizima kwenye kona ya Mushaki, angalau tutajua ni kitu gani kimeizima, mbele ya kutoa dola ya mwisho.