Mkaratusi Unasingiziwa

"Mti wa makala huo." Ndivyo unavyojibiwa Kirumba ukiutaja mkaratusi pamoja na meza ya kulia chakula. Milima ya Lubero, mashariki mwa Kongo, imejaa mikaratusi, kuanzia kando ya barabara ya taifa namba 2 hadi juu kwenye mashamba. Inakatwa kwa makala, kwa boriti za nyumba, kwa miti ya kutambaza maharage. Lakini mtu akitaka meza kubwa ya mbao nene, ile ya kukalisha watu wanane, anashauriwa angoje libuyu, mti wa msituni, kutoka Beni au Mambasa. Na tangu mwisho wa Juni 2024, waasi wa M23 walipoteka Kanyabayonga kisha Kirumba, kungoja huko kumekuwa kurefu, maana mbao zinatoka upande mmoja wa vita na mnunuzi anakaa upande mwingine.

Wanaosema hivyo si wajinga. Wengi ni mafundi, na kila neno lao lina chanzo. Ila chanzo hicho mara nyingi ni haraka ya mtu, kisha lawama unatupiwa mti.

Wanasema kwanza kwamba mkaratusi hupasuka na kupinda. Ni kweli, hupasuka. Mti huu unapokua mbio, tabaka zake za nje huvutika kwenda juu huku kiini kikibanwa. Ukiwa umesimama, nguvu hizo mbili zinashikana. Ukikatwa zinaachiana: gogo linachanika kwenye ncha, na ubao unajikunja msumeno ukiwa bado ndani yake. Halafu unapokauka unasinyaa kuliko libuyu, na ukikaushwa kwa pupa vyumba vidogo vya maji vilivyo ndani yake vinabonyea, uso wa ubao unabaki na mawimbi ambayo randa haiyamalizi.

Hayo yote ni matatizo ya miezi ya kwanza. Afrika Kusini wanapasua Eucalyptus grandis, wanaiuza kwa jina la saligna na kuifanya samani za ndani. Brazili wamepanda mikaratusi, wakakausha mbao zake kwa utaratibu na kuziuza hadi Marekani kwa jina la biashara la Lyptus. Huko hawakupewa mti mtulivu zaidi. Walikubali tu kwamba kazi ya meza inaanza siku ya kukata mti, si siku ya kushika randa.

Siku hiyo ina mambo yake. Usichukue mti mwembamba uliopandwa kwa makala. Huo hauna ubao ndani yake, una kiini na gamba. Tafuta mzee, mnene, ulionyooka. Gogo likishaanguka, lipasuliwe mapema na ncha zipakwe rangi yoyote iliyobaki nyumbani, kwa sababu maji hukimbilia kutokea nchani na hapo ndipo mpasuko wa kwanza unapoanzia. Kipande chenye kiini kitupe jikoni bila huruma. Mbao zilizobaki zipangwe chini ya paa, pasipo jua, zikitenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja kila baada ya nusu mita, kijiti juu ya kijiti, kisha mawe mazito yawekwe juu ya rundo lote. Mawe hayo watu huyasahau, halafu wanasema mti una laana.

Dai la pili linafuata hapohapo: ubao uliokaa wiki tatu juani umekauka. Umekauka usoni. Ndani bado una maji, na jua kali limefanya ngozi ya nje isinyae kabla ya nyama ya ndani, ndiyo maana unaona nyufa ndogondogo. Wengine wanakuja na kanuni ya Wazungu, inchi moja ya unene kwa mwaka mmoja. Hayo ni makisio tu, na nyanda zetu za juu, zenye mvua nyingi mwakani, hazikuwamo katika hesabu yake. Kipimo kisichodanganya ni mizani. Kata kipande katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya muuza maharage, kirudishe kwenye rundo, kipime tena baada ya wiki. Siku uzito unapoacha kushuka wiki baada ya wiki, ubao umelingana na hewa ya mahali hapo. Kisha uingize mbao ndani ya nyumba itakamokaa meza, uzipe muda mwingine, ndipo uanze.

Sasa tufike kwenye dai ambalo limeua meza nyingi kuliko mengine yote: "Piga misumari mingi, haitacheza."

Ubao hauna desturi ya kurefuka. Kwa urefu wake, unyevu ukipanda au ukishuka, badiliko ni dogo mno hata usilione. Kwa upana ni habari nyingine. Uso wa meza wenye sentimeta 90 unaweza kutanuka na kusinyaa karibu sentimeta nzima kati ya kiangazi na masika. Sasa chukua mbao tano, zipange kwa urefu, kisha gongomea chini yake mataruma mawili ya kupita kwa misumari ya inchi nne. Taruma halisinyai kwa urefu wake. Mbao zinataka kusinyaa kwa upana wao. Zimeshikwa. Hazina pa kwenda, basi zinachanika, na zinachanika mahali palepale fundi alipoongeza misumari ili zisichanike. Libuyu nayo ukiigongomea hivyo itakuchanikia, ila itachelewa.

Dawa yake ni kuuacha ubao ucheze pasipo kuonekana. Mbao za uso ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe ubavuni kwa gundi nyeupe ya mbao. Kama kingo zimenyooka na zimekauka, kiungo hicho hushinda ubao wenyewe kwa nguvu, na hakihitaji msumari hata mmoja. (Gundi hiyohiyo ukiitia kwenye ncha ya ubao haishiki vizuri, ncha inainywa.) Miguu na fremu viunganishwe kwa tundu na ulimi. Kisha uso ukae juu ya fremu kwa vipande vidogo vya mti: upande mmoja wa kipande una ulimi unaoingia kwenye mfuo uliochimbwa ndani ya fremu, upande wa pili umefungwa skrubu kwenda kwenye uso. Uso ukitanuka, ulimi unateleza ndani ya mfuo. Meza imeshikwa chini na iko huru ubavuni. Anayependa zile mbao za kupita kwenye ncha mbili, ambazo kweli zinapendeza, akaze gundi na kijiti katikati peke yake. Matundu ya pembeni ayachonge marefu kidogo, mbavu zipate kusogea.

Wapo wanaotumainia verni: ipake mara tatu, unyevu hautaingia. Verni inachelewesha unyevu, haiuzuii. Kama ukiipaka, paka na chini ya meza, kwa sababu uso uliofungwa upande mmoja tu hujikunja kwa kuwa pande mbili hazinywi hewa sawasawa.

Kuhusu mafuta machafu ya gari sitarefusha. Kuyapaka kwenye nguzo ya ua kwa ajili ya mchwa ni shauri la mwenye ua. Kwenye meza ambapo mtoto ataokota wali kwa vidole, hapana: yamebeba vyuma na moshi wa injini, na hayakauki. Mawese nayo, ambayo Beni haikosi, ni chakula safi lakini hayakauki juu ya mbao. Yanabaki yakinata, yanachacha. Mafuta yanayokauka ni kama yale ya mbegu za kitani. Ukiyapata, paka kidogo, futa yote yaliyobaki juu, na kile kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke peke yake. Kikiachwa kimekunjwa kwenye kona kinaweza kujiwasha moto.

"Bila mashine utapoteza muda." Muda, ndiyo. Unyoofu, la. Kazi wanayoiogopa wengi ni kunyoosha kingo mbili zikutane bila mwanga kupita. Zifunge mbao mbili pamoja kama kitabu kilichofungwa, uzirande kingo zote mbili kwa mpigo mmoja. Hata randa ikiinama kidogo, ukizifungua kosa la huku linajaza kosa la kule. Vyombo ni msumeno, randa ndefu, patasi mbili, nyundo, skwea na kamba ya kupimia mishazari: mishazari miwili ikilingana, fremu iko sawa. Kimo cha sentimeta 75 na upana wa sentimeta 60 kwa kila mlaji vinatosha.

Libuyu basi? Ni mti bora, hutulia kuliko mkaratusi, sibishi. Lakini miti ya jamaa yake inapungua msituni kiasi kwamba mwezi wa Novemba 2022, huko Panama, nchi za mkataba wa CITES ziliitia miti ya Khaya ya Afrika kwenye Kiambatisho cha II, maana yake biashara yake ya kuvuka mipaka inahitaji vibali. Sheria hiyo haikukatazi meza ya nyumbani kwako. Inaeleza tu kwa nini libuyu haielekei kushuka bei, na kwa nini mti ulioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba unastahili kuheshimiwa.

Dai la mwisho silicheki: mahali ambapo watu wanakimbia, nani anajenga meza isiyopita mlangoni? Anayekimbia kwa miguu na godoro kichwani hatabeba meza ya aina yoyote. Lakini wako wanaohama kwa lori, na wako wanaorudi. Kwa hao, miguu isitiwe gundi kwenye fremu ndefu. Ikazwe kwa boliti, mbili kila kona, na spana moja ifungwe kwa kamba chini ya meza. Uso ukitolewa skrubu zake unalala bapa chini ya magunia. Chonga alama kwa patasi, I hadi IIII, ndani ya kila mguu na kwenye kona yake, kwa sababu tundu lililochimbwa kwa mkono halifanani na jirani yake, na atakayeiunga upya bila alama atabishana na miguu minne tangu asubuhi hadi jioni.